Nyumba ya Sauti Hujengwa Kuanzia Ndani

Mtu akisifu nyumba kwetu pwani, aghalabu husifu mlango kwanza. Hutajwa mlango wa Lamu na mlango wa Mji Mkongwe wa Unguja, namna mbao zake zilivyochongwa maua na minyororo. Mgeni naye huja akaupiga picha mlango akaenda zake, akidhani ameshaiona nyumba. Lakini fundi aliyeijenga hakuwaza mlango peke yake. Alikwisha kuwaza mwenye nyumba atalala wapi, wanawake wataketi wapi, upepo utapita wapi, na mgeni atafika mpaka wapi asipite. 

Nimetanguliza maneno haya kwa kuwa leo nataka tuzungumze juu ya nyumba ya redio. Tangu Capital FM ilipoanza kutangaza Nairobi mwaka 1996, ikawa kituo cha kwanza cha watu binafsi nchini, vituo vimeota kama uyoga baada ya mvua. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Ila wengi wa wanaovijenga huanzia mlangoni: kioo kikubwa mbele, jina la kituo juu ya paa, zulia la kupokelea wageni. Chumba cha kusemea huja baadaye, kikatiwa pembe iliyobaki. Msikilizaji hana haja ya kwenda kutazama ili ajue. Husikia mlango ukibamizwa katikati ya habari, husikia jenereta ikinguruma chini ya kaswida, na husikia sauti ya mtangazaji ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

KAHAWA NA WANDANI

Mazungumzo haya yameletwa na ramani moja niliyoonyeshwa Kahawa Wendani. Mwana wa dada yangu anasomea usanifu wa majengo, naye amepanga chumba katika mtaa huo, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwalimu wake alimpa kazi achore kituo kidogo cha redio kitakachowafaa wakazi wa pale. Nilipokwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na marahaba akatandika karatasi yake mezani akasema, "Mjomba, wewe umekaa studio miaka mingi. Hebu nitazamie."

Kabla ya kuitazama ramani, nililitazama jina la mahali. Kahawa inakumbusha mashamba ya mibuni ya upande wa Ruiru na Thika. Ruiru yenyewe ndiyo iliyotoa jina la mbegu ya Ruiru 11, iliyoanza kugawiwa wakulima mwaka 1985. Wendani ni neno la Kikikuyu, maana yake upendano. Na sisi nasi tuna mwandani, ambaye wengine humwita mwendani, yaani rafiki asiyefichwa siri. Basi ukiyaunganisha kwa masikio ya mtu wa pwani, Kahawa Wendani ni dele la kahawa tungu na wandani wanaolizunguka. Hiyo ni baraza kamili, haikosi kitu.

Mtaa wenyewe umechanganyika watu wa kila namna: wanafunzi, wafanyakazi wa Nairobi wanaorudi jioni kwa matatu, wenye maduka, na watu wa pwani waliofuata masomo na riziki. Mlinzi wa jumba analokaa mpwa wangu, aliponisikia nikisema, naye akaanza kuniita mjomba, maana huko bara sisi sote ni wajomba. Chuo Kikuu kilicho jirani kilikuwa kambi ya askari wa Kiingereza, Templer Barracks, ambayo mwaka 1965 ilikabidhiwa serikali ya Kenya ikafanywa Chuo cha Kenyatta, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Kina redio yake, KU FM, ambamo wanafunzi hujifunza kazi. Palipokuwa pakipigwa parapanda ya jeshi, leo vijana hujifunza kusoma habari. Kumbe nyumba hubadilika kwa kinachosemwa ndani yake.

Sasa ramani. Kijana alikuwa ameweka studio mbele, nyuma ya kioo, ili wapita njia wamwone mtangazaji. Nyuma yake ofisi ya mkurugenzi, pana kuliko studio. Na pembeni nikaona vyumba viwili vimepigwa mstari mwekundu. Nikauliza ni nini. Akasema kimoja kilikuwa baraza ya wageni na cha pili hifadhi ya kanda, lakini mwenzake aliyepewa kazi ya kukadiria gharama alivifuta, akasema havileti faida. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo mmekata moyo na kumbukumbu, mkabakisha uso."

KIMYA NDICHO UDONGO WA REDIO

Tulianza na studio. Barabara ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012, ina njia nyingi mpaka kufika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Malori, mabasi na pikipiki havilali. Kuweka studio upande huo ni sawa na kuweka mtungi wa maji ya kunywa karibu na mfereji wa taka.

Sauti hupita kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: palipo na tundu dogo chini ya mlango, sauti hupita kama maji. Ya pili ni mwili wa jengo: lori likipita, ardhi hutetemeka, msingi ukatetemeka, na ukuta ukawa kama ngoma. Dawa ya kwanza ni mlango mzito wenye mpira kandokando. Dawa ya pili ni kujenga chumba ndani ya chumba: kuta mbili zisizogusana zenye nafasi ya hewa katikati, na sakafu iliyolazwa juu ya mpira au pamba ngumu ili isishikane na jengo. Kioo cha kumtazamia fundi mitambo kiwe cha vipande viwili visivyolingana unene, na kimoja kiinamishwe kidogo.

Lakini dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kupanga vyumba vizuri. Mwaka 1932 BBC ilipofungua Broadcasting House huko London, studio ziliwekwa katika mnara wa matofali katikati ya jengo, na ofisi zikazunguka nje ili ziwe ngao ya kelele za mitaani. Juu ya hadhari yote hiyo, treni za chini ya ardhi bado zilisikika zikivuma. Ikiwa mabwana wale wenye fedha walishindwa kuinyamazisha treni, sisi tuna haja gani ya kujipeleka wenyewe barabarani?

Nikamwambia mpwa wangu kwamba hakuwa na haja ya kwenda London kutafuta mfano huo, maana nyumba za bibi zake zimekaa hivyo hivyo. Nyumba ya mawe ya Lamu huingiwa kwa daka, yaani kibaraza kilichofunikwa mlangoni. Kisha kuna tekani, ambako mtu hugeuka, hata aliye njiani asiweze kuona ndani. Kisha kiwanda, ambacho ni uwanja ulio wazi juu. Kisha msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha mwenye nyumba. Kila hatua kelele za njia hupungua, na kila hatua heshima huzidi. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno. Hiyo tekani ndiyo wajenzi wa studio wanayoiita ukumbi wa milango miwili: unafungua wa kwanza, unaufunga, ndipo ufungue wa pili, ili kelele isipate nafasi ya kuingia pamoja nawe.

Tena pana zidaka. Zile safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa ya ukuta wa ndani, walikoweka sahani na vyombo vya kaure, watu wengi huziona pambo tu. Lakini ukuta wenye mashimo na mabonde huitawanya sauti isirudi kwa pamoja, na ndiyo sababu studio nyingi duniani huwekewa mbao zenye vishimo vya vina mbalimbali. Ukuta mtupu ulioelekeana na ukuta mtupu mwenzake hurushiana sauti kama watoto wanaorushiana mpira.

Vipimo vya chumba navyo vina hesabu yake. Chumba cha mraba, chenye urefu, upana na kimo sawasawa, ni chumba kibaya cha kusemea. Sauti hukimbia mita zipatazo 340 kwa sekunde, hivyo kuta mbili zilizoachana mita 3.4 hukuza mvumo wa mitetemo 50 kwa sekunde, ambao ni sawa na mvumo wa umeme wetu. Pande zote tatu zikiwa sawa, mvumo huo huongezwa mara tatu. Mafundi hupendelea kimo, upana na urefu vinavyotofautiana: mathalani mita 3 kwa 4.2 kwa 5.7. Kisha chumba kifunikwe kwa kadiri, ili mwangwi wa neno ufe upesi, katika kiasi cha theluthi moja ya sekunde. Ukizidi hapo maneno hupandana, na ukiuua kabisa msemaji huhisi kama anasemea ndani ya godoro.

Mimi hayo niliyajua kwa masikio kabla ya kuyajua kwa hesabu. Chuoni kwetu tulikaa chini juu ya mikeka, watoto wengi, kila mmoja na sura yake akiisoma kwa sauti. Mwalimu alikuwa akimkamata aliyekosea irabu moja katikati ya kelele zote zile, kwa sababu mikeka na nguo zetu zilizinywa sauti, neno likabaki peke yake. Na msikitini, ile mihirabu iliyopinda humrudishia imamu sauti yake kwa maamuma waliosimama nyuma, hali yeye amewapa mgongo. Wazee wetu walikuwa mafundi wa sauti ijapokuwa hawakuwa na mitambo.

Mpwa wangu akauliza, "Na adhana je, mjomba? Ikiingia studio wakati wa habari si ni baraka?" Nikamjibu kwamba adhana ni ugeni mkubwa, na mgeni mkubwa huingizwa kwa mlango. Wekeni wakati wake katika ratiba, muitoe safi, kila aliye jikoni na aliye dukani aisikie vyema. Ikipenya kwenye ufa, nusu neno la muadhini na nusu neno la msoma habari, hapo hapakusikika adhana wala habari.

MLANGO NA HOFU

Kuna sababu nyingine inayowafanya watu wafute baraza, nayo ni hofu. Hofu hiyo haikuanza bure. Januari 12, 1964, watu wa Unguja waliamshwa na sauti ya John Okello kutoka kituo cha Raha Leo, na aliyekuwa ameshika redio alikuwa ameshika nchi. Na alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, askari waasi wa jeshi la anga waliingia Sauti ya Kenya, Nairobi. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa, aliyependwa kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" tangu 1966, alitolewa nyumbani kwake akapelekwa kwenye kipaza sauti ili atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye askari watiifu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikirudisha kituo. Mbotela alifariki Februari 2025, naye alikisimulia kisa hicho mara nyingi.

Tangu hapo, mtu akichora nyumba ya redio huchora ngome. Ukuta, geti, mlinzi, daftari la kuandika jina na nambari ya kitambulisho. Bibi kizee aliyetembea tangu asubuhi na utenzi wake kichwani huambiwa aandike barua. Kijana mwenye habari ya maji yaliyokatika mtaani kwao huambiwa apige simu. Siilaumu hadhari, ni wajibu kumlinda mtangazaji. Ninalolalamikia ni kudhani kwamba hadhari na ukarimu haviwezi kukaa nyumba moja.

Daka imelijibu swali hili karne nyingi zilizopita. Mgeni usiyemjua humkaribishi ndani, wala humfukuzi. Unamketisha darakani kwenye baraza ya mawe, unamletea kahawa, mnazungumza. Akijulikana, hupita tekani. Basi nyumba ya redio na iwe na baraza ya kweli upande wa nje wa geti: bao la kukalia, kivuli, maji, na kipaza sauti kimoja kilichofungwa ukutani ambacho fundi aliye ndani hukiwasha kipindi kikifika. Mlinzi na asimame baina ya baraza na studio. Mwananchi atasema bila ya kuvuka mlango wa mtambo, na mtambo utakuwa salama bila ya mwananchi kufukuzwa.

CHUMBA CHA KANDA

Sasa chumba cha pili kilichofutwa. Machi 1928, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, kwa kuwa huku kwetu hapakuwa na mahali pa kuishika sauti. Watu walisafiri kwa meli ili sauti isipotee. Leo tunayo mitambo kila mahali, na sauti zinapotea papo hapo mlangoni petu.

Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja jina, niliwahi kumrekodi mzee mmoja mtunzi, aliyejua kwa moyo tenzi ambazo hazikupata kuandikwa. Ilituchukua siku nne. Miezi michache baadaye nilirudi kuitafuta kanda, nikaambiwa kanda tupu zilikuwa zimekwisha, kwa hivyo juu yake yalikwisha kurekodiwa matangazo ya mpira. Mzee alikuwa ameshazikwa. Mpaka leo nikisikia mpira redioni hunijia beti za katikati ambazo sikuzishika zote.

Kwa hivyo hifadhi ya sauti si ghala la vyombo vibovu. Ni chumba kidogo, kikavu, kisicho na dirisha la jua, kilicho mbali na choo, na jenereta na mitambo yenye sumaku. Kanda za zamani hutaka ubaridi usiobadilika, maana joto na unyevu wa pwani huzifanya zinate. Na hata zikihamishiwa katika kompyuta, nakala ya pili iwekwe jengo lingine, kwa sababu moto na mwizi hawabagui mitambo mipya na ya kale. Rafu ziwe na orodha, kila sauti na jina la msemaji, mahali na tarehe. Kazi hii yahitaji mtu mmoja makini na ufunguo mmoja. Gharama yake haifiki gharama ya kile kioo cha mbele.

MLINGOTI, UMEME NA FEDHA

Mengine nitayapita upesi. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, hupenda mahali pa juu penye kuonana, kwa hivyo si lazima mlingoti wa kurushia matangazo usimame juu ya studio. Waweza kuwa kilimani, studio ikapeleka sauti huko kwa kiunganishi kidogo. Masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kimo cha mlingoti huidhinishwa na wakuu wa usafiri wa anga, na ramani ya jengo la Wendani hupelekwa kaunti ya Kiambu. Mwenye kununua mitambo kabla ya kupata masafa amenunua hatamu kabla ya punda. Jenereta ikae kwenye msingi wake peke yake, mbali na studio, na waya wa kuzuia radi ufike ardhini kweli.

Ama fedha, historia yatuonyesha kwamba udogo si aibu. Homa Bay ilipata redio ya jamii mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, yenye mtambo mdogo sana, nayo ilisikizwa mpaka serikali ilipoifunga mwaka 1984. Na Radio Mang'elete, upande wa Mtito Andei, ilianzishwa mwaka 2004 na vikundi vya akina mama wa vijijini. Hao hawakuanza na kioo. Walianza na watu wenye la kusema, kisha wakatafuta dari.

Mpwa wangu alinisikiliza, kisha akauliza swali la haki: ikiwa hesabu ni ile ile, akate nini? Nikamwambia akate kioo, apunguze ofisi ya mkurugenzi nusu, aisogeze studio katikati ya nyumba na ofisi zielekee barabarani ziwe ngao. Fedha zitakazobaki zitatosha bao la baraza na rafu za kanda. Mkurugenzi akitaka kuonekana, na aketi barazani.

Haya nawaambia pia ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaochanga fedha za kufungua vituo, kwa maana najua wapo. Mtu akikuleteeni ramani, msitazame picha ya mbele. Wekeni kidole juu ya karatasi, muulize maswali matatu: kimya kiko wapi, mgeni ataketi wapi, na sauti ya leo itakuwa wapi baada ya miaka 50? Asiyeweza kukuonyesheni vyumba hivyo, mrudishieni karatasi yake kwa heshima.

Nami, kama ilivyo ada yetu, nafunga kwa ubeti mmoja:

Mwenye nyumba ya kujenga, sauti iwe nyumbani,
Kwanza kimya hukipanga, kikakaa kati ndani,
Kisha kuta huziunga, na baraza mlangoni,
Waje wazee kutunga, na wasikizwe Wendani.